Usikanyage Mpaka Ikauke

Siku ya kuniaga kazini mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, ingawa sijui mliwaza nini, maana miaka yote nilipouliza saa ngapi mlikuwa mkiniambia simu imezima. Mlikula keki, mkanisifu uongo mwingi, halafu yule kijana wa mashine ya kukata akauliza mbele za watu, "Mathe, kwani ni nani alikuita Mama Maji?" Watu wakacheka, kontrakta akaanza hotuba yake, na swali likapita hivyo hivyo bila jibu. Sasa niko nyumbani Umoja, saa yenu inanipigia tik tik siku nzima, nikaona heri nijibu kwa maandishi. Wavivu wa kusoma mtasomewa na wenzenu.

Jina langu la kweli ni Wambui, kama mmesahau. Niliingia mjengo nikiwa msichana mwembamba, kibarua cha kubeba maji, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa njia ya miguu hapa hapa Umoja. Fundi mkuu alikuwa Mzee Shaban. Alikuwa mtu wa Kaloleni, baba yake alitoka Pwani akaja kufanya kazi ya reli, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama njia alizojenga. Alikuwa na mwiko mmoja wa kusawazishia simiti ambao hakumwazima mtu. Ukiugusa alikuwa anaupangusa, kisha anakupangusa wewe kwa macho.

Asubuhi ile wachanganyaji walikuwa wanahema. Wakaniambia niongeze maji, simiti ni nzito, koleo haliendi. Vitabuni wanaita zege, lakini sisi wa mjengo kila kitu ni simiti, hata kikiwa na mchanga na kokoto ndani. Nikainua debe langu. Mzee Shaban akatokea sijui wapi, akaweka mguu mbele yangu.

"Wewe binti, ukiongeza hata kopo moja, utarudi kwenu na hilo debe kichwani."

Nikaliweka chini. Mchana tukamaliza kipande cha kwanza, kikasawazishwa, kikapigwa mwiko, kikaanza kuwa kigumu. Nikasikia naitwa tena.

"Wewe binti, lete maji. Mwaga."

"Nimwage wapi, Mzee?"

"Juu ya simiti. Wataka umwage kichwani pangu?"

"Si ulisema nisiongeze?"

"Hiyo ilikuwa asubuhi."

Nilijua jua limempata. Nikamwaga polepole huku nikimtazama, nikiwa tayari kukimbia. Wakati wa chai akaniita nikae karibu naye juu ya mbao.

"Umewahi kuacha uji kwenye sufuria ukausahau?"

"Mara nyingi."

"Ukikauka unafanyaje?"

"Unajivuta. Unaachana na sufuria pembeni, halafu unapasuka."

"Basi umemaliza shule," akasema, akachovya mkate kwenye chai yake.

Alinieleza siku ile kitu ambacho nimewaeleza nyinyi mpaka mkachoka. Simiti huwekewa maji mengi kuliko inayohitaji, ili ichanganyike na kumwagika vizuri. Yale ya ziada baadaye yanatoka, yanapanda hewani, na simiti inasinyaa. Ingekuwa haijalala juu ya kitu, ingesinyaa kwa raha zake. Lakini ardhi ya chini imeishika. Inataka kujivuta, haiachiliwi, mwisho inachanika. Ukiongeza maji kwenye mchanganyiko, umeongeza kusinyaa. Ukimwagia maji juu na kufunika, unaichelewesha isikauke kabla haijapata nguvu za kuvumilia huko kuvutwa.

"Kushika si kukauka," akaniambia. "Watu wanachanganya. Simiti inashika kwa maji. Ikisha kushika, ikauke ikitaka."

Niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Nilielewa baadaye sana, kwa sababu kila mtu Nairobi, kuanzia mama mboga mpaka mwenye gorofa, akiona simiti mpya anauliza neno moja tu: imekauka? Hakuna anayeuliza imeshika? Nawaombeni mlikumbuke hilo neno la kukauka, maana ndilo lililonitia taabuni huko mbele.

Jambo la pili alilonifunza ni mikato. Siku hizo hatukuwa na mashine, tulikuwa na chuma chenye makali butu, tukikandamiza mstari kwenye simiti bado mbichi kila baada ya hatua chache. Mwenye nyumba mmoja alitoka na fulana yake ya kulalia akatukuta tukiharibu, kwa macho yake, njia mpya.

"Mnamwaga simiti halafu mnaikata?"

"Itapasuka tu, bwana," Mzee Shaban akamjibu. "Sisi tunaiambia ipasukie wapi."

"Kwa hivyo mnajua itapasuka."

"Twajua."

"Na mnaendelea kujenga."

"Twaendelea."

Yule bwana alitutazama kama wezi. Tulipoondoka akanunua simiti yake, akaziba mikato yote iliyo mbele ya lango lake, akalainisha vizuri sana, nakiri mkono alikuwa nao. Baada ya muda kiraka chake kikatoka vipande vipande, na ufa ukawa umepita palepale chini ya mkato, umenyooka. Mpaka leo anawaambia majirani kwamba tulirudi kwa siri tukakata tena. Nampitia kila Jumapili nikienda kanisani, tunasalimiana vizuri tu.

Jina la Mama Maji nililipata mtaa wa Pipeline. Kule magorofa yamesongamana hata jua likiingia linaomba ruhusa, na maji ya mfereji huja yanapojisikia. Watu walikuwa kwenye foleni na mitungi yao, na mimi pembeni namwagilia njia ya miguu maji ya kisima kutoka tangi letu, maji ya chumvi ambayo hata chai hayafai. Jaribu kumweleza hivyo mtu aliyebeba mtungi mtupu. Kijana mmoja akasimama.

"Niaje mathe. Hiyo barabara umepanda nini?"

"Nimepanda simiti."

"Itamea lini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mama mmoja hakucheka. Alisema, "Kumbe hata simiti inapewa maji kabla yetu. Wewe ndio Mama Maji?" Vibarua wangu wakalidaka, na sikuliacha tena. Nilikuwa nimeshakuwa nyapara, ningeweza kuwakataza, lakini mnajua jinsi jina linavyofanya ukilikataza.

Sasa Kaloleni.

Mzee Shaban alikuwa amestaafu tayari. Siku aliyoondoka alinipa ule mwiko wake, akaupangusa kwanza. Miaka ya mwisho mwisho ya kazi yangu kontrakta wetu akapata kazi ya kujenga njia ya miguu Kaloleni, kutoka kwenye safu za zile nyumba za zamani hadi kwenye ukumbi wa mtaa, nayo ilikuwa inapita mlangoni pa Mzee Shaban mwenyewe. Siku ya kwanza nilimkuta ameshatoa kigoda nje. Alikaa hapo kila siku akinikosoa. Nikipima, anakohoa. Nikisawazisha, anasema "hm". Vibarua wakaniuliza huyu mzee ni mkaguzi wa wapi, nikawaambia ni mkaguzi wangu.

Ndani ya nyumba alikuwa mkewe, Bi Mwanaisha. Kiharusi kilikuwa kimemchukua miguu lakini kikamwachia akili na ulimi, na ulimi ulikuwa umejiongezea kazi ya miguu. Alikuwa na kiti cha magurudumu, lakini nje ya mlango palikuwa ni tope wakati wa mvua na mashimo wakati wa kiangazi. Idd moja vijana walimbeba na kiti chake kumpeleka ukumbini. Mmoja akateleza, na Bi Mwanaisha akatua kwenye tope na buibui jipya. Toka siku hiyo akaapa habebwi tena.

"Mie si sofa," aliniambia. "Wambui mwanangu, nijengee hiyo njia. Nimekauka humu ndani kama papa wa Ramadhani."

Na haikuwa mazungumzo tu. Amina, mjukuu aliyemlea tangu akinyonya, alikuwa anaolewa, na sherehe ilikuwa ukumbini pale pale. Bi Mwanaisha alikuwa ameshasema mbele ya ukoo mzima: ataenda kwa magurudumu yake juu ya njia iliyo sawa, au atabaki nyumbani wamletee pilau. Mzee Shaban alinieleza hivyo akiwa ameangalia pembeni. Nilikuwa sijawahi kumwona anaangalia pembeni.

Basi nikajenga kama najengea mama yangu. Slabu, yaani vipande vya simiti, za mbele ya mlango wake tulizimwaga mwisho, siku ya Jumamosi. Maji ndani kidogo, mikato mahali pake, magunia yaliyolowa juu. Nikamwomba karani wetu wa stoo, Mutiso, atuletee kibao cha kuzuia watu. Nilimwambia aandike neno moja: USIKANYAGE. Mutiso ni mtu wa mwandiko mzuri na roho ya kujaza nafasi. Alipomaliza lile neno akaona kibao bado kikubwa, akaongeza kwa rangi nyekundu: MPAKA IKAUKE. Nilikisoma, nikaona ni sawa, nani asingeona ni sawa, nikaenda zangu nyumbani.

Jumapili sisi tulikuwa mapumzikoni. Mzee Shaban alikuwa amekwenda kwa wakwe watarajiwa kumaliza mazungumzo. Na ulikuwa ule msimu wa baridi ambapo Nairobi jua linajificha wiki nzima.

Jirani yao, Mama Njeri, muuza mandazi, mwanamke mwenye roho safi kama maji ya mvua, akatoka kanisani akasoma kibao. Harusi ni Jumamosi hii inayokuja. Simiti haijakauka. Itakaukaje, na wale wajenzi wameifunika magunia yanayotona maji? Akaita wenzake. Wakayaondoa magunia, na kwa kuwa ni watu wastaarabu, wakayafua kwa sabuni na kuyaanika kwenye kamba. Wakapangusa simiti kwa matambara. Halafu wakaona bado ina unyevu, wakaleta majiko. Kila nyumba ikatoa jiko lake lenye makaa mekundu, yakapangwa juu ya slabu mbele ya mlango wa Bi Mwanaisha, na mabati yakasimamishwa pembeni kuzuia upepo. Makaa yasipotee bure, wakachoma mahindi.

"Na wewe mama uliwaona?" nilimuuliza Bi Mwanaisha baadaye.

"Niliwaona."

"Hukusema kitu?"

"Nilisema sijashiba, waniongezee mahindi. Mie ningejuaje? Kibao kilikuwa cha kwenu."

Jumatatu asubuhi nilipofika, Mama Njeri alikuja kunilaki akitabasamu, mikono kiunoni.

"Nyapara, tumewasaidia. Imekauka kabisa."

Ilikuwa imekauka. Ufa ulianzia mlangoni ukaenda zigizaga kama mtu anayetafuta choo gizani, haukujali mkato hata mmoja. Pale majiko yalipokaa uso ulikuwa unabanduka kama ganda la kidonda. Mzee Shaban alikuwa amerudi, alikuwa amechuchumaa, anakwaruza kwa msumari, na kila akikwaruza unga unatoka. Hakuniambia "hm". Akaingia ndani, akaleta kile kiti cha magurudumu kitupu, akakisukuma. Gurudumu dogo la mbele likaingia kwenye shimo pale uso ulipobanduka, likajipinda, kiti kikakwama.

"Labda tumbebe," akasema taratibu.

"Mie si sofa," sauti ikatoka ndani.

Nilikasirika jamani. Nilimkasirikia Mutiso, Mama Njeri, majiko na mahindi. Nilifungua mdomo nimtolee Mama Njeri yote, nikamwona bado anatabasamu, anasubiri asante. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa makaa. Nikafunga mdomo. Nikamwambia, "Mama Njeri, hii kitu haitaki kukauka. Inataka kushika." Akanitazama, akamtazama Mzee Shaban, akauliza tofauti yake ni nini. Mzee Shaban akavuta pumzi, akaanza kumweleza habari za uji. Alipofika pale unapojivuta na kupasuka, Mama Njeri akakaa chini kwenye kigoda, akajishika kichwa.

"Sasa Amina ataolewa bila nyanya yake, na ni mimi," akasema.

"Hakuna anayeolewa leo," nikamwambia. "Lete maji ya kunywa, vibarua wanaanza kuvunja."

Tulivunja slabu ile siku hiyo hiyo, Jumanne tukamwaga nyingine. Niliisawazisha mwenyewe kwa ule mwiko, na Mzee Shaban aliinuka kutoka kwenye kigoda akapiga mkato kwa mkono wake, chuma kile cha zamani, hakutaka kusikia habari za mashine. Mutiso akaja na kibao kipya, mnyonge kabisa. Kiliandikwa: USIKANYAGE. USIKAUSHE. Nafasi ilibaki nusu kibao na hakuigusa.

Ilipofika jioni ya Jumanne, mfereji ukakatika mtaa mzima, na tangi letu lilikuwa limepelekwa kazi nyingine upande wa pili wa jiji. Nikasimama pale na magunia makavu mkononi, mimi Mama Maji, sina maji. Bi Mwanaisha akajisukuma mpaka kwenye kizingiti chake, akatazama kushoto na kulia.

"Nani ana maji?" akauliza mtaa.

Mtaa ukaleta. Waliobaki na mtungi nusu walileta kopo. Mama Njeri alileta ya kukandia mandazi, na kesho yake hapakuwa na mandazi. Bi Mwanaisha akawa nyapara wa slabu ile. Alikaa mlangoni kutwa na birika mapajani, anamwagia magunia, anafukuza kuku, anachunguza kila kinacholetwa. Mtu akaja na maji yaliyooshewa mchele, akarudishwa.

"Hii ni slabu, si bata."

Mzee Shaban naye alihamishia udhu wake pale. Kila akitaka kuswali alichuchumaa pembeni ya simiti na kutawadha, maji yanachuruzika kwenye magunia. Nilimwambia slabu yake imepata udhu kuliko vijana wengi wa mtaa huu. Alicheka mpaka akakohoa, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tujenge Umoja.

Ijumaa tulifunua. Nilipiga magoti, nikakwaruza kwa msumari. Msumari ukateleza, haukutoa unga. Mzee Shaban akakwaruza, ukateleza. Mama Njeri akaomba msumari naye, akakwaruza, akasema Bwana asifiwe, na Bi Mwanaisha akaitikia alhamdulillahi kutoka mlangoni. Hapakuwa na ufa. Mnajua vizuri kama mimi kwamba ufa ungekuja siku moja, kwa kuwa simiti ni simiti. Lakini ungekuja kwenye mkato, mwembamba kama uzi, mahali tulipouambia uje.

Jumamosi nilivaa gauni langu la kanisani na nikafika mapema kuliko wapishi. Bi Mwanaisha alitoka amevaa leso mpya na marashi yaliyotufikia kabla yake. Mzee Shaban akashika kiti kwa nyuma. Magurudumu yakavuka kizingiti, yakapanda kwenye slabu, na Mzee Shaban akasimama. Akainama kuangalia.

"Baba Salim," mkewe akamwambia, "twaenda harusini au wakagua kazi?"

Akasukuma. Kila tulipopita mkato magurudumu yalisema tok. Majirani walisimama milangoni wakitazama, Mama Njeri alitembea kando akiwa na mikono tayari kama mtu anayemfunza mtoto kutembea, na mimi nilikuwa nyuma nikisikiliza. Tok. Kisha kimya kilaini, kisha tok. Nimesikia kwaya nyingi, lakini sauti ile naikumbuka zaidi.

Mlangoni mwa ukumbi Amina alikuwa anasubiri, hina mpaka kwenye viwiko, na vigelegele vikapanda aliponyoosha mikono. Bi Mwanaisha alimtazama. Machozi yakaanza kumtiririka kimyakimya, yakafika kidevuni, yakadondokea leso mpya. Mzee Shaban akaingiza mkono mfukoni haraka, akatoa kitambaa, akainama ampanguse.

Mkewe akamshika mkono.

"Niache nilowe," akamwambia. "Ukinikausha haraka nitapasuka hapa mbele za watu."

Mzee Shaban akarudisha kitambaa mfukoni, akamsukuma ndani.